Kisanduku Chini ya Kiti

Wameniletea wakiisukuma,
kwadi ndogo ya daktari wa mbuzi,
magurudumu manne, tope la Ludara hadi shingoni.
Kiden yuko nyuma, viatu mkononi,
na vijana wawili wa boda wanadai elfu mbili kila mmoja.

"Betri ya tatu hii, fundi.
Ya kwanza walisema feki, ya Ariwara.
Ya pili walisema mimi sijui kuwasha.
Ya tatu wakacheka tu."

Mimi sicheki na betri.
Betri ni mgonjwa wa malaria:
ukiona inatetemeka usiilaumu,
uliza mbu yuko wapi.

Naweka mita. Kumi nukta tisa.
Naiazimia nguvu kwenye gari la mkaa,
injini inakohoa, inashika,
napandisha mwendo kwa kidole gumba.
Namba ilipaswa kupanda hadi kumi na nne;
imekaa kumi na mbili kama ng'ombe aliyegoma darajani.

Basi la kwanza ni hilo: haili.
Nafuata waya wa athi hadi kwenye fremu,
boliti moja, kutu ya kijani, mkojo wa panya.
Napiga msasa mpaka chuma kinacheka,
nakaza, napaka grisi.
Kumi na nne nukta moja.
Kiden anapiga makofi. Namwambia ngoja.

Kula ni jambo moja. Kuna anayeiba usiku.

Nazima kila kitu. Ufunguo nampa aushike.
Nachomoa waya wa hasi, naisimamisha mita katikati
kama askari wa kizuizi cha Oraba:
kila anayepita ajitaje.
Swichi imezimwa, taa zimezimwa, injini imepoa,
na bado kuna kinachopita.
Kidogo. Kama sehemu ya tano ya ampea.
Kwa betri ndogo hivi, hicho ni kidonda.

Natoa fyuzi ya taa: kinapita.
Ya honi: kinapita.
Natoa zote, nazitia mfuko wa shati.
Kinapita.

Huyu basi hapiti mlangoni. Ametoboa ukuta.

Nang'oa kiti.
Waya mwekundu, mwembamba, umeviringwa tepu nyeusi,
na mwisho wake kisanduku, kama kipande cha sabuni,
kijitaa kinapepesa.

Kiden anakijua.
"Cha shirika. Walikuwa wanaona kwenye kompyuta
kama nimefika Lobule au nimelala kwa mama."

Shirika lilifunga ofisi mwaka juzi.
Waliuza viti, wakauza jenereta,
kwadi wakamwachia yeye kwa barua yenye muhuri.
Kisanduku hakuna aliyekiambia.
Kila usiku kinaamka, kinahangaika na mtandao,
kinasema nipo hapa, nipo hapa, nipo hapa,
na kinakunywa.

Nashika koleo. Mkono unasita,
na si kwa sababu ya waya.
Kaka yangu Lemi alivuka Oraba na lori la saruji,
mwezi wa nane utatimia mwaka wa tano.
Kila jioni, kabla sijafunga banda, napiga namba yake.
Ananijibu yule mwanamke wa kampuni, kwa adabu ileile.
Haikatwi hata shilingi moja.
Lakini kuna kitu kinapungua.

"Kata, fundi," anasema Kiden. "Kesho nina mbuzi mia mbili."

Nakata.
Mita inasoma sifuri, sifuri, sifuri.

Namwandikia bei: msasa, grisi, kazi.
Betri hapana, betri ni nzima.
Hilo linamshangaza kuliko yote.

Asubuhi kabla ya jua naisikia kule kwao,
kibonyezo kimoja tu, inawaka,
inashika njia ya Keri, inafifia.
Kisanduku nimekiweka kwenye rafu
kando ya plagi zilizokufa.

Jioni nafunga banda.
Simu iko mkononi.
Naitazama tu.