Punguzeni Maji

Picha ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu:
nukta nyeusi, na kando yake kidole gumba
kikubwa kuliko ushahidi.
Gvido Krauklis, wa Kuldīga, kaandika:
Bi Austra, hawa si viroboto? Wanaruka.

Wanaruka kwa miguu, bwana, au kwa mabawa?
Miaka ishirini na sita niko chini ya jumba hili la makumbusho,
Riga ikiangukiwa na theluji juu ya utosi wangu,
na bado watu huniletea weusi na udogo
kana kwamba weusi na udogo ni jina.
Kila kidogo ni cheusi ukikitazama kwa hasira.

Nikamjibu: weka sarafu karibu naye. Mpige ubavuni, si kwa juu.
Zima taa ya dari, tumia mwanga wa dirisha.
Hesabu mabawa. Yakiwa manne, tuagane;
mawili, tuendelee.

Kabla hajajibu ikaja barua nyingine.
Vizma Kraukle, Kuldīga, mtaa uleule.
Kwetu jina la ukoo hubadilisha mkia
linapovaliwa na mwanamke; kunguru ni yuleyule.

Picha yake ilikuwa safi. Alishika kioo cha kusomea gazeti
mbele ya simu, akabana pumzi.
Nikaona yote:
mabawa mawili ya rangi ya moshi,
na nyuma yake vijiti viwili vyenye vichwa, kama pini,
mabaki ya mabawa ambayo inzi aliyaacha zamani
akayafanya mizani ya angani.
Vipapasio kama nyuzi za shanga,
vipande kumi na sita kila kimoja, nimevihesabu mara mbili.
Miguu mirefu mno kwa mwili wa namna hiyo.
Katikati ya bawa mshipa umegawanyika
panda, kama ya manati.
Na kichwani, pale wengine walipo na macho yaliyotengana,
huyu macho yake yamevuka paji la uso
kwa daraja jembamba, yakashikana.

Basi. Si kiroboto.
Si usubi wa mtoni, yule kibyongo mwenye kiu ya damu
anayeungoja mwezi Mei kwenye maporomoko ya Venta.
Ni usubi wa udongo. Buu lake hula ukungu na vijizizi
mahali ambapo udongo haukauki.

Nikazirudia picha zote mbili, safari hii nikatazama nyuma ya inzi.
Kigae kilekile chenye ufa. Begonia ileile.
Birika la bati kushoto, kwenye picha ya bwana;
kwenye ya bibi, kulia, chupa ya maziwa imejaa maji.
“Mimi huimwagilia kila asubuhi,” aliandika bwana,
“maana humu hakuna mwingine anayeijali.”
“Kila usiku,” aliandika bibi,
“maana humu hakuna mwingine.”

Kazi yangu ni mabawa. Sikuajiriwa kwa ajili ya ndoa.
Niliandika jibu moja, nikalituma kwa wawili:
Ni usubi wa udongo. Haumi, haambukizi.
Acheni udongo ukauke hadi kina cha kidole.
Punguzeni maji.

Kwetu wingi ni adabu pia;
kila mmoja aweza kusoma kwamba nimemheshimu yeye peke yake.
Sikufafanua.

Machi, picha nyingine. Imetikisika vibaya,
haina sarafu, wala haijulikani nani kaipiga.
Na huyu je? Tumemkuta kwenye sinki.

Nikaivuta taa karibu.
Mabawa mawili, mapana, yenye manyoya kama ya nondo.