Chupa ya Mwanamkuu

Mwanamkuu kaleta maji ya kisima cha Mambrui
ndani ya chupa ya juisi, kizibo kakifunga kwa nailoni:
"Mbuzi wawili wamekufa. Niambieni yana nini."

Nimeyachuja, chumvi nimeitoa;
mashine ikionja chumvi hununa siku nzima.
Sasa pampu yasukuma bomba la sindano
polepole kuliko ukucha unavyoota,
katika mrija mwembamba kama unywele wa kichanga.

Kiputo! Ukungu umekatika.
Nagonga, napiga bismillahi, naanza upya.

Nchani umeme unangoja:
tone lachongoka, lapasuka, lapasuka tena,
hadi ibaki chembe na chaji yake.

Haba na haba, humu, haijazi kibaba.
Haba hupimwa.

Nje, kwenye jua la Malindi,
Mwanamkuu amuuliza bawabu
kama chupa yake atarudishiwa.