Kurasa Tisa Nyeupe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, chini ya viota,
nasimama kama mdeni aliyewahi mlangoni kwa mdai.
Juu kuna kitu kinajinyoosha. Kinapiga mwayo.
Mkojo unashuka majanini, chororo,
na siku ya kazi imefunguliwa rasmi.

Naandika: Tenen ameshuka, mwanawe mgongoni.
Naandika: Sumbala, tuliyempa jina la kiungo kwa harufu yake,
amemwendea Doro akiguna kwa heshima,
kichwa chini, mkono mbele,
kama mkulima mbele ya karani wa ardhi.
Kati yangu nao hatua ishirini. Barakoa usoni.
Mafua yetu sisi, kwao ni kaburi.

Mwezi wa Machi bonde hili la Kedugu huchemsha mawe.
Sokwe hushuka kijitoni, huketi majini hadi kiunoni,
mikono wameikunja, hawasemezani,
kama wastaafu wanaongoja pensheni.
Juu ya kijito hicho, nyuma ya mianzi,
kaka yangu Tyara huchimba dhahabu.
Zebaki ikishateremka na maji haionekani.
Nilimwambia hivyo mbele ya wenzake, mwaka juzi.
Akanijibu: "Tama, hao nyani wanakulipa ngapi?"
Tangu hapo tukipishana njiani
kila mmoja huona jambo la maana upande wa pili.

Nimemwona Doro akimng'ata Sumbala sikio hadi likapasuka,
kwa sababu ya jike, au kwa sababu ilikuwa Jumanne.
Makelele, matawi kuvunjwa, manyoya kuvimba.
Kisha, nilitazama saa, dakika kumi na moja,
Sumbala akarudi akijikokota, akanyoosha kiganja,
Doro akakigusa kwa midomo.
Wakaketi kutoana chawa ambao sidhani walikuwepo.
Dakika kumi na moja.
Nilizizungushia duara, nikafunga daftari kabla ya wakati.

Basi usiku mmoja wa upepo mkavu Tyara akaja.
Shimo limemfukia mwenzake.
Vumbi jekundu hadi kwenye kope,
kikohozi chake kinaanzia kisiginoni.
Hakusema nisamehe. Sikusema karibu.
Nilisogeza bakuli la fonio, tukala,
vidole vikigongana kwenye mchuzi wa karanga.
Nilijua ninachokula.

Kesho yake koo likaanza kuwasha.
Kanuni niliiandika mwenyewe, kwa mkaa, mlangoni pa kambi:
mwenye mafua haendi kwao.
Akaenda Sira Kante na daftari lake.
Mimi nikabaki na langu, na uji,
na mtu anayekoroma kwenye mkeka wangu.

Siku ya sita Sira alirudi mapema, akavua viatu taratibu mno.
Tenen hakushuka.
Walikaa chini ya kiota chake hadi jua la utosini,
hakuna aliyelia, hata wale vijana wasiotulia.
Miaka kumi na minne nimemfuata mama yule,
siku aliyokufa nilikuwa napuliza uji.
Niliuliza jambo moja tu: alikuwa akikohoa?
Sira akasema hapana.
Nikauliza tena.
"Na mtoto?"
"Yuko mgongoni mwa Sumbala."

Jioni ya tisa nikamnyoa Tyara uani,
wembe mpya, maji ya uvuguvugu,
changarawe nyekundu zikidondoka toka nywele zake.
Ng'ambo ya kilima wakaanza kuitana,
hu, hu, huuu, nani analala wapi.
Nikasimamisha mkono.
"Huyo," nikasema, "ni Sumbala."
"Wa sikio lililopasuka?"
"Umemjuaje?"
"Huja kunywa juu ya shimo letu," akasema, shingo ameinamisha.
"Akija, tunazima pampu."

Kuhusu zebaki hakusema kitu.
Nami, wembe ukiwa kisogoni mwake, sikuuliza.
Nilifuta povu nyuma ya sikio,
nikatafuta, kwa ncha za vidole,
kama kuna changarawe iliyobaki.