Bahasha ya Tatu

Hii ni ya tatu tangu mwezi uandame.
Ya kwanza ilisema wasiwasi,
ya pili, wasiwasi mkubwa,
na leo, kwa mnong'ono wa Munduru mpiga chapa,
wasiwasi mkubwa mno.
Mimi sizifungui. Mimi ni pikipiki na sahihi.
Naibeba kifuani, ndani ya koti la mvua,
kutoka Kololo hadi wizarani,
na lakiri yake inanigusa mbavu
kama paji la mtoto mwenye homa.

Lugha yake lakini naijua; nakala huachwa mezani.
Ubalozi unaleta salamu zake za heshima kwa Wizara,
na una heshima kuikumbusha Wizara,
na unachukua fursa hii kuihakikishia tena Wizara
heshima yake isiyo kifani.
Heshima juu ya heshima, na katikati,
kama jiwe ndani ya tonge la matoke,
neno moja: fungueni.

Wizara nayo haikosi adabu.
Ilijibu mara moja, kwa karatasi nzito kuliko yetu:
inaleta salamu zake za heshima kwa Ubalozi,
na ina heshima kuujulisha
kwamba hakuna kilichofungwa.
Ni hitilafu ya kiufundi.

Kwetu Arua mtu akikukasirikia
huja mlangoni akakuita jina lako lote,
la baba na la babu,
na majirani wakazima redio wasikie.
Hapa wanagombana wakiinamiana.

Getini kalooli amesimama juu ya pipa,
kipara, koti jeusi, mikono nyuma,
utadhani naye ana miadi.

Kobusingye wa mapokezi ana muhuri wa mpini wa mti
uliolainishwa na viganja vya waliomtangulia.
IMEPOKELEWA, tarehe, saa. Pa.
Siku zote ni pa, na "Haya, Draku, barabara njema."
Leo ameushika muhuri hewani.
Amemtazama askari, akaitazama kamera,
kisha akasema na wino, si na mimi:

"Kule kwenu kunafunguka?"

Nikasema kunafunguka. Tuna sahani juu ya paa.

"Kuna ghala limeungua, huko Ghuba.
Wasichana wetu walikuwa wanalala ghorofa ya juu.
Wanasema majina yametoka, kwenye ile kurasa ya nje.
Mimi nikigusa, kinazunguka kile kiduara.
Tangu Jumanne kinazunguka.
Nimelala nacho, nimeamka nacho."

Akageuza stakabadhi yangu,
akaandika nyuma yake, kwa herufi za shule ya msingi:
Kemigisa Peninah.
Ndipo akapiga muhuri, upande wa mbele,
pa, kwa nguvu zaidi ya siku zote.

Nilirudi kwa kupanda kilima
na karatasi nyepesi iliyonilemea.
Munduru hakuuliza. Alifungua.
Palifunguka mara moja, kama mlango wa kanisa,
na hilo ndilo lililoniudhi.

Majina kumi na saba.
Nikayasoma kwa kidole, juu hadi chini,
chini hadi juu, nikimtafuta na nikiomba nisimkute.
Hakuwemo.
Chini kabisa, kwa maandishi madogo:
wengine wanne bado hawajatambuliwa.

Jioni ile balozi aliandaa chakula bustanini.
Mtu wa wizara alikuja, waligonganisha glasi,
wakasema wamezungumza kwa uwazi.
Mimi nilikuwa nimekwishatia petroli kwa pesa yangu.

Askari wa getini akanipapasa:
"Umeleta nini saa hizi?"
"Sina kitu."
"Bahasha iko wapi?"
"Leo hakuna bahasha."

Alikuwa amefunga dirisha, ameshika mkoba.
Nikamwambia yote, hata wale wanne;
nilitaka kuwaacha njiani, nikashindwa.
Alinisikiliza mpaka mwisho,
mkono wake ukipapasa juu ya meza
mahali muhuri hukaa mchana.