Arobaini na Saba Nukta Mbili

Weka kidevu hapa, Tamahou. Paji liguse ukanda.
Tazama katikati ya duara. Usipepese.
Wote hupepesa. Nasubiri.

Gari letu limeegeshwa nyuma ya ukumbi wa shule, Ruatoria,
mvua inapiga bati, jenereta inakohoa,
na ndani chombo kimoja, chenye bei kuliko gari lenyewe,
kinamwaga miviringo ya mwanga juu ya jicho la kijana
kana kwamba jiwe limedondoka kisimani;
ila mawimbi haya hayasafiri. Yanatulia, yanahesabiwa.

Jicho zima huyarudisha duara kwa duara.
Lake linayarudisha yakiwa yamebanana upande wa chini:
yai.

Kisha ramani. Buluu ni bonde, kijani ni tambarare,
nyekundu ni mwinuko.
Nilitaraji kipepeo, mabawa sawa kwa sawa;
nimepata kipepeo aliyelemewa bawa la chini,
na chini ya mboni, kilima
ambacho hakuna mchungaji wa pwani hii amewahi kukipanda.

Arobaini na saba nukta mbili.
Unene, pale pembamba kuliko pote: maikroni mia nne sabini na moja.
Naandika. Mkono hautetemeki, umezoea.
Tumbo ndilo halijazoea.

Jioni, taa za uwanja zikiwashwa, unaona mipira mingapi?
"Mmoja," anasema. Halafu: "Na mkia wake."
Unasugua macho?
"Kidogo."
Mlangoni Hohepa, kaka yake, anacheka kicheko kikavu.
"Anasugua hadi usingizini. Kama mimi."

Hohepa alitujia na miaka ishirini na mitatu,
baada ya miwani minne isiyosaidia
na kazi ya kukata sufu iliyomshinda:
alimkata kondoo, kisha akajikata.
Kipimo hiki hakikuwa kimeifikia barabara hii.
Leo jicho lake la kushoto lina kioo cha marehemu asiyemjua,
kilichoshonwa kwa nyuzi kumi na sita, nyembamba kuliko unywele.
Kila Krismasi huwaandikia wafiwa barua isiyo na jina,
na kila mara, aliniambia, hukwama kwenye neno la kwanza.

Hatujachelewa, namwambia Tamahou. Kisha najirekebisha:
hatujachelewa sana.
Kuna matone ya njano, kuna mwanga wa urujuani,
kuna kulala chali huku dari likikutazama,
ili nyuzi za konea zishikane mikono.
Kuna foleni pia. Hiyo siisemi bado.

"Kwa hiyo kilima kitashuka?"
Hakitashuka. Kitakoma kupanda.
Anafikiri, miguu ikining'inia, soksi moja imeshuka.
"Basi sawa. Hapa nilipo, mpira bado naudaka."

Bado la kulia, nasema, na kuinua kiti kidogo.
Hohepa anaingia na matope yake
na kuushika mkono wa mdogo wake
kabla haujafika usoni.