Bodi Mama

Prosesa nilinunua kwanza, kwa pupa,
siku ileile ilipotoka, nikaiweka mezani
ndani ya kisanduku chake chenye dirisha dogo,
nikaitazama wiki mbili
kama mtu aliyenunua farasi na hana zizi.

Jumamosi mama akasema, haya, twende.

Guanghua, ghorofa ya nne. Nje mvua ya Taipei,
miavuli inachuruzika kwenye ndoo ya mlangoni,
na Bwana Kuo-tung, kalamu sikioni,
anapanga masanduku matatu juu ya kioo cha kaunta.
"Soketi ni moja," anasema. "Zote tatu itaingia.
Kuingia si kazi. Kazi ni kuelewana."

Ya kwanza ni ya bei poa,
ila chipseti yake ni ya mwaka juzi:
prosesa itakaa kitako, kila pini mahali pake,
na bodi itaitazama kama mgeni asiye na barua
mpaka mtu aifundishe jina lake.

Ya tatu ina taa. Ina bamba la chuma kama ngao,
ina matundu ya nyaya mpaka unaishiwa cha kuchomeka,
na chipseti yake inakuruhusu kuichapa prosesa mjeledi
ikimbie kuliko ilivyoumbwa.
Bei sikuitamka. Niliisoma mara mbili,
nikahesabu zamu zangu za usiku kwenye duka la chai,
zikapungua.
Hata hivyo mkono wangu ulikuwa umeshaligusa sanduku.

Mama yangu, Yueh-o, miaka ishirini na sita
alikaa kiwandani Taoyuan chini ya lenzi ya duara,
bodi moja kila sekunde arobaini,
akisaka lehemu iliyokosa mguu,
kapasita iliyolala ubavu.
Hajawahi kumiliki kompyuta.
Njia za chipseti hazijui idadi.
Aliomba tu masanduku yafunguliwe.
Bwana Kuo-tung akasita, kisha akaviona vidole vyake,
yale makovu madogo ya moto,
akafungua.

Ile ya bei poa aliiinamisha kwenye mwanga,
akagonga kwa ukucha kando ya soketi.
"Hapa ndipo prosesa inapolishwa umeme.
Midomo minne tu, tena wazi, bila kifuniko.
Rahisi huvunja upishi."
Ya tatu akaigeuza mgongo, akaguna kwa heshima.
"Kazi safi. Nani atakula vyote hivi?"
Ndipo akanigeukia:
"We unataka kuifanyia nini?"

Nikamwambia. Madaraja.
Chuoni tunayajenga kwa namba,
kisha tunayapiga tetemeko usiku kucha
kuona nguzo ipi itaanza kulia.

"Kumbe hukimbii," akasema.
"Unabeba mzigo, mbali."

Tukatoka na ya kati.
Haina taa. Mjeledi haukubali.
Ina midomo kumi ya kulishia, yote imefunikwa,
na chenji ikatosha bakuli mbili za tambi za ng'ombe
tulizokula tumesimama, sanduku katikati ya miguu yake,
yake, si yangu.

Usiku, sakafuni, bisibisi mdomoni,
niliishusha prosesa. Haikutaka nguvu.
Kishikio cha chuma kikalalamika kidogo, kikafunga.
Nikawasha. Feni zikaanza kuzunguka,
kioo kikabaki cheusi.
Dakika moja. Mbili.
Kidole changu kikarudi kwenye swichi.

"Usiguse!" Sauti ya jikoni, maji ya bomba yanatiririka.
Hakuona kitu. Alisikia feni, akanisikia mimi nimenyamaza.
"Ndiyo kwanza zinakutana. Ziache zijuane."

Dakika ya nne, herufi nyeupe:
jina la prosesa, limeandikwa sawasawa,
hakuna herufi iliyokosewa.
Nikamwita.

Akaja anafuta mikono, akavaa miwani.
Kioo hakukitazama.
Aliinama ubavuni, pale kasha lilipokuwa wazi,
akaipitia bodi kutoka juu hadi chini,
sekunde arobaini hivi,
kisha akaenda kulala.