Kupanda

Uliotangulia kupanda ni ushuru wa banda.
Niliuandika kwa kalamu ya risasi, nikidhani utafutwa.
Ozerna, Manitoba, mwezi wa nne, theluji bado imekaa
mitaroni kama mgeni asiyejua kuaga.
Wanachama kumi na wanne, ndege moja,
Cessna ya mwaka sitini na sita, nyeupe yenye mstari wa kijani,
na mimi mtunza hazina, kwa kuwa nilifundisha hesabu
na hakuna mwingine aliyeinua mkono.

Kisha mafuta.
Orysia Hrynchuk alisoma bei kwenye pampu,
akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.
"Haya ni mafuta au manukato?"
Akajaza nusu tangi, akaruka nusu ya safari:
hadi ghala refu la ngano, akalizunguka, akarudi.
Nusu ya anga, alisema, inashinda kitanda kizima.

Kisha bima. Barua yake ilikuwa na adabu sana.
Ilitaja umri wa ndege, ikataja umri wa marubani,
ikatusalimu kila mtu kwa majina yake mawili,
na chini kabisa, pale panapostahili kwaheri,
tarakimu.

Haba na haba hujaza kibaba.
Sikuwahi kufundisha upande wa pili wa hesabu hiyo,
kwamba kibaba nacho humwagika haba na haba.
Delorme aliacha kwa ajili ya meno ya binti yake.
Thorvaldur aliuza hisa yake, akanunua tairi za trekta.
Wasyl hakusema kitu. Alikoma tu kuja,
na kikombe chake kimebaki kwenye msumari,
chai imechora mduara ndani.

Na ile ya abiria, ya viti kumi na tisa,
iliyokuja Jumanne na Ijumaa na dawa na barua,
ikawa ya Ijumaa,
kisha ya Ijumaa wakipatikana watu,
kisha karatasi iliyobandikwa mlangoni.
Sasa muuguzi hushika usukani mwendo wa saa nne kwenda,
saa nne kurudi, sampuli za damu kiti cha nyuma,
zimefungwa mkanda.

Neno ni lile lile moja.
Bei hupanda. Ndege hupanda. Abiria hupanda.
Hata ngano, huko nje ya uzio, hupandwa.
Nimeona katika safu za daftari langu
jinsi neno lilivyohama upande taratibu,
hata siku moja kikawa kilichopanda ni kile,
na hiki kimekaa chini, matairi yanalegea.

Jumamosi alikuja mnunuzi, kijana mpole
mwenye bisibisi za kila aina.
Hakuja kuirusha. Alitaka vipuri.
Akafungua bawa la kushoto, akafungua la kulia,
akayalaza juu ya magodoro makuukuu.
Kiwiliwili akakifunga kamba kwenye trela.

Orysia, miaka sabini na moja, alitia saini.
Kisha akaanza kuizunguka ndege isiyo na mabawa:
akapapasa makali ya rafadha, akachungulia oili,
akatikisa mkia, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu,
ukaguzi wote wa kabla ya kuruka,
bila kuruka hata hatua moja.
Kijana alisubiri. Alivua kofia, nadhani kwa ajili ya joto.

Tuliisindikiza kwa gari langu.
Usukani wa mkia hakuukaza vizuri;
upepo wa barabarani ukaushika,
ukawa unapanda, unashuka, unapanda,
kana kwamba mle ndani kuna mtu anayejaribu.

"Unakwenda ngapi?" Orysia akauliza.
Kilomita mia kwa saa.
"Kwa mwendo huu ingekwisha inuka," akasema.

Sikumjibu. Nilikuwa natazama kipimo cha mafuta,
robo tangi,
na nikihesabu mahali pa kugeuzia.